Presi ya joto kwa mabamba ya faiba: swali ni ubane lini

Swali: "Habari mtaalamu. Nina karakana ndogo Kunduchi, natengeneza na kukarabati boti za faiba. Nataka kutoa mabamba ya unene wa mm 6 ya kukazia pale mashine inapofungwa tezini, maana mbao zinaoza. Nikijaza kwa mkono, bamba linatoka mm 5 upande huu na mm 8 upande ule, lina mapovu, na likikaa juani linapinda. Kuna presi ya jeki ya tani 20 naweza kuipata nikaifunga hita. Nikitumia poliesta na mati yangu ya kila siku, nibane kwa nguvu kiasi gani, joto ngapi, na kwa muda gani?"

Jibu:

Fundi, presi ya tani 20 inatosha na kubaki. Poliesta na mati ya kila siku haviifai kazi hii. Na umeuliza nguvu, joto na muda, lakini kuna swali la nne ambalo ndilo linaloamua bamba litatoka zima au litatoka takataka: ubane lini. Nitafika huko, ila lazima kwanza tupange vifaa.

Tuanze na resini, ule urojo unaoganda na kushikanisha nyuzi. Poliesta ina stairini ndani yake, na mvuke wa stairini unaweza kushika moto kuanzia digrii 31 hivi. Mchana wa Januari hapa Dar hewa yenyewe imeshafika hapo kabla hujawasha hita yoyote. Ukiibana resini hiyo katikati ya sahani za chuma zenye umeme na joto la digrii 80, ndani ya banda la bati lisilo na upepo, umejiandalia moto. Halafu resini iliyotiwa kobalti (kiharakishi) na MEKP (kigandishi) inaanza kufanya kazi pale pale inapochanganywa. Ukiiongezea joto inaganda kabla hujamaliza hata kufunga presi. Viwandani wanabana poliesta kwa digrii 130 hadi 160, ni kweli, lakini wao wanatumia shuka lililokwisha kuchanganywa na kufanywa zito kama ngozi, lenye kichocheo kisichoamka mpaka kipate moto. Hilo si kopo lako la dukani. Na kwa kuwa vitu hivi viwili unavyo karakanani: MEKP na kobalti visikutane peke yao hata siku moja, vinalipuka.

Tumia epoksi yenye hadina (kigandishi chake) ya polepole, ile ambayo karatasi yake ya maelezo inasema inapikwa kwa digrii 80. Muuzaji asiyekuwa na karatasi hiyo mwache. Ndani yake tafuta namba mbili: muda wa kuganda, na joto ambalo resini iliyokwisha kukomaa huanza kulainika. Epoksi iliyogandia kwenye joto la kawaida tu, nyingi zake hulainika kwenye digrii 50 au 60, na bamba la rangi nyeusi likishinda kwenye jua la pwani linafika huko bila shida. Huenda hiyo ndiyo sababu mojawapo ya mabamba yako kupinda: unene hauko sawa, resini haijaiva, jua linamalizia.

Mati nayo ina tatizo ambalo watu hawaambiwi. Nyuzi zake fupi zimeshikanishwa kwa gundi inayoyeyuka kwenye stairini. Epoksi haina stairini, kwa hiyo gundi ile haiyeyuki. Mati inabaki ngumu, nyeupe, na resini haipenyi hadi ndani. Nunua kitambaa cha faiba kilichofumwa, cha gramu 600 kwa mita ya mraba, na uulize kama nyuzi zake zimepakwa dawa inayoshikana na epoksi. Vipo vinavyofaa resini zote mbili, na vipo vya poliesta peke yake.

Sasa hesabu, kwa bamba la mm 300 kwa 400, unene mm 6. Faiba ya kioo ina uzito wa gramu 2.55 kwa sentimita moja ya ujazo, epoksi iliyokomaa kama 1.15. Tabaka 13 za kitambaa hicho kwa eneo la mita za mraba 0.12 ni gramu 936. Bamba zima lina ujazo wa sentimita 720. Kioo kinachukua 367, zinabaki 353 za resini, ambazo ni gramu 406. Changanya 490, kwa kuwa sehemu itatoka pembeni ikiondoka na hewa. Bamba likikamilika liwe na kilo 1.34 hivi, na kioo kiwe nusu ya ujazo wake. Kwa mati na brashi, kioo huwa kama theluthi ya uzito tu. Hapa ni asilimia 70 ya uzito. Tofauti hiyo ndiyo unayoilipia presi.

Panga tabaka zifanane kutoka katikati kwenda juu na kwenda chini: ya 7 ndiyo ya katikati, na kila uliyoilaza mshazari, kwa pembe ya digrii 45, upande mmoja iwe na mwenzake upande wa pili, kwenye nafasi ile ile. Mpangilio ukilemea upande mmoja bamba litapinda hata ukipika vizuri kiasi gani.

Nguvu ya kubana: lenga bar 7 (bar 1 ni karibu sawa na mgandamizo wa hewa ya kawaida). Eneo lako ni sentimita za mraba 1,200, kwa hiyo unahitaji tani 8.6. Usikisie kwa uzito wa mkono kwenye mpini. Funga geji kwenye jeki, pima kipenyo cha pistoni yake, ugawe nguvu kwa eneo lake. Pistoni ya mm 60 ina sentimita za mraba 28.3, tani 8.6 juu yake ni bar 300 kwenye geji. Andika namba hiyo kwa rangi kwenye fremu ya presi, isisahaulike.

Bar 7 si namba niliyoiokota. Ndege za Dreamliner za Air Tanzania unazoziona zikishuka Julius Nyerere, takribani nusu ya uzito wa muundo wake ni vitu vya aina hii, nyuzi za kaboni na resini, na sehemu zake kubwa hupikwa kwenye matanuri ya mgandamizo yanayofanya kazi kwenye bar 6 au 7 na digrii 180 hivi. Mfuko wa vakyumu, ule unaofunika bamba na kunyonywa hewa, peke yake hauwezi kuvuka bar 1, hata hapa usawa wa bahari. Mfuko ni mzuri kwa ubavu wa boti. Kwa bamba litakalobanwa na boliti za mashine, presi inashinda. Kama kuna aliyekushawishi uagize vitambaa vilivyokwisha kulowekwa resini kiwandani, achana navyo kwa sasa: vinataka friza ya digrii 18 chini ya sifuri muda wote, na umeme wetu unaujua.

Kwa sahani za moto, chukua chuma cha mm 25, ukubwa wa mm 350 kwa 450, mbili. Toboa kila moja matundu matatu marefu ya hita za fimbo za wati 400. Jumla wati 2,400, kama ampia 10.5, waya na swichi ya ampia 16. Chuma chote pamoja na moldi kitakuwa kilo 100 hivi, na hita hizo zinaweza kukipandisha digrii 2 kwa dakika. Kati ya sahani na fremu ya presi weka bodi ya kuzuia joto, ya juu na ya chini, la sivyo fremu itakunywa joto lako na sili za jeki zitaharibika. Usichukue vipande vya mabati ya zamani ya asbesto kwa kazi hii, hata ukipewa bure. Vumbi lake linaua mapafu. Themokapo (waya wa kupimia joto) ya kuongoza hita iwe ndani ya moldi karibu na bamba, na si kwenye sahani peke yake, kwa sababu sahani inaweza kusoma 80 wakati katikati ya bamba bado kuna 60.

Unene wa mm 5 huku na mm 8 kule, presi haiuondoi yenyewe. Sahani zikiwa zimepinda kidogo, utapata bamba lililopinda kidogo, safari hii kwa nguvu ya tani 8. Kabla ya kuweka resini yoyote, pasha sahani hadi digrii 80, weka vipande vya waya laini wa kulehemea redio kwenye pembe nne na katikati, bana, toa, pima kila kimoja kwa vernia. Tofauti ikizidi mm 0.1, weka shimu (kibati chembamba cha kusawazisha), rudia.

Moldi usiifanye sahani mbili tupu. Resini itakimbia pande zote nne na hutaweza kuizuia. Tengeneza fremu ya chuma juu ya bamba la chini la moldi, na bamba la juu la moldi liingie ndani ya fremu kama pistoni, likiacha mwanya wa mm 0.2 kila upande. Mwanya huo unaruhusu hewa na resini ya ziada kutoka polepole, na polepole hiyo ndiyo inayotunza mgandamizo ndani.

Hapa ndipo kiini cha jibu langu. Ukibana, nguvu ya presi inabebwa na vitu viwili: kitambaa na resini. Kitambaa ni kama godoro la springi. Ukilibana zaidi linasukuma zaidi. Resini ikiwa bado ipo ya kutosha, inabeba sehemu kubwa, na mgandamizo ndani yake unavifinya vipovu hadi vinakwisha. Resini ikishakimbia, kitambaa kinabeba mzigo wote. Geji itaendelea kusoma 300 kama kawaida, kwa sababu geji haijui nani anabeba, lakini ndani resini imelegea. Maji yaliyojificha kwenye kitambaa, kwa digrii 90, yana msukumo wa mvuke wa bar 0.7. Resini iliyolegea haiwezi kuuzuia, na vipovu vinachanua ukiwa umesimama hapo hapo unaangalia geji nzuri.

Kwa hiyo ukibana kwa nguvu zote mapema, resini ikiwa nyepesi kama mafuta ya kula yaliyopata moto, inatoka nyingi, unapata madoa meupe makavu. Ukichelewa, imeshaganda, utavunja nyuzi, na bamba litabaki mm 7 na mapovu yake yote. Katikati kuna dirisha la dakika chache.

Dirisha hilo utalijua kwa njiti. Chukua gramu 10 za mchanganyiko ule ule, weka kwenye kifuniko cha kopo juu ya sahani ya chini, pembeni ya moldi. Kila dakika chovya njiti ya kiberiti, inua. Mwanzoni inadondosha matone ya haraka. Baadaye inateremka nzito kama asali. Kisha inaanza kuvuta uzi: kwanza wa sentimita 1 unaokatika, halafu wa 2 au 3 unaoning'inia kabla ya kukatika. Hapo ndipo pa kupandisha hadi bar 7. Ukingoja mpaka uzi uwe mrefu na ukinyoosha unarudi kama mpira, umechelewa. Kumbuka kwamba resini iliyo kwenye kifuniko inapata joto upesi kuliko iliyo ndani ya tabaka 13, hivyo kwenye jaribio la kwanza ingiza themokapo nyembamba ya pili ukingoni mwa bamba uone inachelewa kwa dakika ngapi, na uongeze dakika hizo. Fanya jaribio la njiti mara tatu siku tofauti kabla ya kupoteza kitambaa. Andika muda na joto la hewa la siku hiyo.

Siku ya kazi yenyewe anza alfajiri, karakana ikiwa na baridi. Kanuni ya kukadiria ni kwamba kila digrii 10 zinazoongezeka hukata muda wa resini kwa nusu hivi. Muda ulioandikwa kwenye karatasi mara nyingi umepimwa kwa gramu 100 na digrii 25, na wewe una gramu 490 na digrii 30. Ukiiacha kwenye ndoo itajipasha yenyewe na kufoka moshi. Pima hadina kwa mizani ya gramu 1, koroga dakika 3 ukikwangua pembe, halafu mwaga kwenye trei pana na ya kina kifupi.

Kitambaa kikaushwe siku ile ile, saa moja au mbili kwenye digrii 100, kwa sababu unyevu wa pwani hushika kwenye kila kitu. Pima uzito wake kikiwa kikavu, uuandike. Unyevu huo huo huitia hadina utando mweupe wa utelezi, kwa hiyo makopo yafungwe mara tu ukimaliza kumimina.

Moldi usiipake nta ya magari. Nta nzuri ya kanauba inayeyuka kati ya digrii 82 na 86, na wewe unafanya kazi karibu sana na hapo. Ikiyeyuka bamba linashika chuma na hutalitoa bila patasi. Tumia kitambaa cha tefloni juu na chini, kwenye bamba bapa hakina usumbufu wowote.

Laza tabaka moja moja moldi ikiwa nje ya presi, kila moja ukiilowesha na kuisukuma kwa rola kutoka katikati kwenda nje. Ingiza kwenye presi iliyopashwa hadi digrii 40 tu, funga kwa bar 1, yaani geji yako isome kama 40. Huu si mbano wa kukandamiza; ni wa kusogeza hewa kuelekea kwenye mwanya. Anza kupandisha digrii 2 kwa dakika kuelekea 80 na uanze kazi ya njiti. Uzi ukifika, pandisha geji mpaka 150, subiri nusu dakika, halafu 300. Dakika 20 za mwanzo simama hapo na mpini mkononi, maana resini inapotoka na kitambaa kinapolala, mgandamizo unashuka na lazima uurudishe. Usiweke mkono kati ya sahani kwa sababu yoyote, na usimame pembeni ya jeki, si mbele yake.

Shikilia digrii 80 kwa saa 2, au kama karatasi ya resini inavyosema ikitaka zaidi. Kisha zima hita, acha bamba lipoe likiwa limebanwa hadi lifike chini ya 45. Kilo 100 za chuma hazipoi haraka, kwa hiyo ratiba nzuri ni kupika leo na kufungua kesho asubuhi. Usimwagie maji. Ukifungua likiwa la moto, upande uliopata upepo unapoa kwanza na bamba linapinda mbele ya macho yako.

Umeme ukikatika katikati: ikiwa hujapandisha bar 7, endelea kuamini njiti kuliko saa, chuma kitatunza joto kwa muda na resini itaendelea kuiva taratibu. Ikiwa umeshapandisha, usilegeze. Umeme ukirudi, rudisha joto na uhesabu saa 2 upya tangu lilipofika 80.

Bamba likitoka, kwangua resini iliyoganda ukingoni, lipime. Tuseme ni gramu 1,330. Toa kitambaa 936, resini ni 394. Gawa: 936 kwa 2.55 ni 367; 394 kwa 1.15 ni 343; jumla 710. Ujazo halisi kwa vernia ni 720. Sentimita 10 zilizobaki ni mapovu, asilimia 1.4. Kwa kazi yako bamba hilo ni zuri. Ukipata asilimia 4 au 5, usiliweke kwenye boti ya mtu, kwa sababu mapovu hukaa kati ya tabaka, na mashine inapotikisika tabaka ndizo zinazoachana kwanza.

Kasoro nayo ina mahali pake pa kusomea. Madoa meupe makavu katikati: ulibana mapema au mwanya ni mpana. Vipovu vidogo vilivyotawanyika kila mahali: unyevu. Vipovu vikubwa vya bapa: hewa uliyoifungia wakati wa kulaza. Uzito umezidi na unene umezidi: ulichelewa. Unene unashuka kuelekea pembe moja: rudi kwenye waya na shimu. Gonga bamba zima kwa sarafu ya shilingi 200. Mlio ukibadilika kutoka mkavu kuwa mzito mahali fulani, weka alama, hapo tabaka zimeachana.

Kata kingo mm 10 kila upande, huko ndiko resini nyingi na nyuzi zilizolegea hukaa. Toboa kwa kekee kali ya kabaidi huku umeweka ubao nyuma, kwani kekee ikitokea upande wa pili bila kuzuiwa inachana tabaka za mwisho. Vaa barakoa ya vumbi, na wakati wa epoksi vaa glavu za nitrili. Ngozi ikishaanza kuikataa epoksi, huikataa maisha. Kila tundu na kila ukingo uliokatwa upake epoksi mara mbili kabla ya kufunga boliti, maana maji ya chumvi huingia kwa kufuata nyuzi zilizokatwa. Kisha piga rangi nyeupe juu, epoksi iliyo wazi inachakaa juani na kugeuka kama chaki.